Yaya, Kesho Tunaifuata Tena Rijili

Yaya,

Kesho jioni naondoka na wanawake kwenda Mlali. Nakuandikia leo kwa sababu kesho mikono yangu itakuwa na kazi, na kwa sababu kila mtu hapa kijijini amekwisha kusema lake juu ya safari hii isipokuwa wewe.

Karatasi hii ameileta Ramadhani kutoka kambi ya reli. Ina doa la mafuta pembeni, usijali. Naandika kwa herufi alizonifundisha baba yangu kule Kondoa, zile ulizokuwa ukizitazama begani kwangu na kusema ni nyayo za kuku aliyekimbizwa. Hukujua kusoma, nami sijui barua ya marehemu hupelekwa na nani. Naandika hivyo hivyo.

Najua jina la Ramadhani hukulipenda. Alipotaka kunioa alisilimu, baba yangu akampa jina hilo, nawe mpaka siku ya mwisho ulimwita Ndahani. Ukimwita wewe aliitika, nikimwita mimi aliitika. Hatukugombana kwa hilo hata siku moja. Nilipofika kwako mara ya kwanza nilikuita Mama Mkwe, kwa heshima zote nilizofundishwa, macho chini, nawe ukaniambia niache hayo, nikuite Yaya kama mwanao anavyokuita. Nilicheka moyoni. Kwa Kiswahili cha baba yangu yaya ni mlezi wa mtoto wa mtu mwingine. Kwa Kigogo chenu yaya ni mama. Leo sioni tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeniuliza hizo kwanza.

Mjukuu wako Nyemo anatembea. Anatembea vibaya, kama mlevi, lakini anatembea, na akianguka halii mpaka atazame kwanza kama kuna mtu anayemwona. Mbuzi wako mweupe alizaa mapacha. Paa la upande wa ng'ombe lilibomoka masika, tukaliezeka upya kwa udongo wa kule bondeni ulioukataa kila mwaka ukisema una mchanga mwingi. Ulisema kweli. Linavuja.

Ule mtama wa Mlali niliupanda. Nitakueleza.

Lakini kwanza lazima nirudi nyuma, Yaya, niseme jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hapa kijijini habari yako inasimuliwa kwa namna nyingi, na mimi nilikuwapo.

Mwaka jana akida alikuja na askari wa boma, wakachukua wanaume wa kujenga tuta la reli. Ramadhani walimkuta zizini. Hakuwa amefunga hata mkanda. Ulisimama mlangoni ukawaambia askari, "Huyu ndiye anayechimba kisima chetu. Mkimchukua, mtuchimbie nyinyi." Yule askari mmoja alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Mama, hata mimi kwetu kuna kisima." Wakaenda naye.

Kisha mvua ikaja mara moja, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Uwele ulichipua ukakauka ungali mfupi kama kidole. Ghala likawa na sauti ya ghala tupu. Tulikula mlenda bila ugali, asubuhi mlenda, jioni mlenda, mpaka Nyemo akawa anafumba mdomo akiona kijiko. Mtoto wa Tabu, jirani yetu, tumbo lilivimba na nywele zikawa nyekundu. Ulimtazama yule mtoto siku nzima. Jioni ukatwaa kikapu na jembe lako la mpini mfupi, ukaenda kwenye mbuga kukwangua udongo wa chumvi.

Nilikufuata. Sikujua kazi hiyo. Sisi wa milimani Kondoa chumvi tuliinunua kwa wachuuzi. Ulinionyesha namna ya kukwangua juu juu tu, pale penye ukungu mweupe, namna ya kumimina maji juu ya udongo ndani ya kikapu na kuyangoja yachuruzike, namna ya kuchemsha yale maji mpaka chungu kibaki na unga wa kijivu. Macho yaliniwasha kwa moshi. Wewe ulikuwa unanusa ugoro kutoka kile kijiti chenye uwazi ndani ulichokivaa sikioni, na kila ukipiga chafya ulisema, "Haya, roho imerudi." Wanawake wengine walituona wakaja. Baada ya siku chache kila nyumba ilikuwa na chungu motoni.

Hapo ndipo ulipotuambia. Watu wa Mlali wana mtama, vilima vyao hupata mvua hata sisi tukikosa, lakini chumvi hawana. Utotoni ulikwenda huko na mama yako, katika njaa nyingine. Wanaume hawawezi kwenda kwa sababu mwanaume akionekana barabarani mchana anakamatwa kwa kazi. Wanawake hakuna anayewahesabu. Ulisema hivyo kwa furaha kabisa.

Tabu akauliza, "Na barabara?"

"Hatupiti barabara. Tunakata pori moja kwa moja, mashariki."

"Porini hakuna maji."

"Yapo mahali pamoja, korongo la mchanga. Ukichimba mkono mzima unayapata. Mchana ukitembea jua litakumaliza kabla hujafika. Kwa hiyo tunatembea jioni jua likitua, tunalala, tunatembea tena kabla ya mapambazuko."

"Na gizani tutajuaje njia?"

Ukaonyesha kwa kidevu upande wa mashariki. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na pale chini kabisa, juu kidogo ya vichaka, ilikuwa inatoka nyota moja peke yake. Nyeupe, lakini si nyeupe ya maziwa. Ilikuwa na usamawati ndani yake, kama ushanga mmoja uliopotea katika shanga nyeupe.

Mimi nilipayuka kwa furaha. "Rijili!"

Wanawake wote waligeuka kunitazama. Nikaeleza, nikiona haya, kwamba baba yangu alinionyesha nyota hiyo nikiwa mdogo, kwamba Waarabu waliona angani jitu kubwa wakaliita Jabari, ana mshipi wa nyota tatu zilizopangwa mstari, ana bega jekundu, na hii ya samawati ndiyo rijili yake, yaani mguu. Tulingoja. Zikaja zile tatu za mshipi, likaja bega. Uliangalia kwa makini sana, ukinusa ugoro, halafu ukasema, "Jabari wenu ana akili. Ametanguliza mguu."

Ukanieleza nawe ulichokijua, ambacho baba hakunifundisha. Kwamba katika msimu huu nyota hii hutoka jua linapozama, na kwetu hapa haipandi kwa kuinama pembeni kama nyingine. Inapanda wima kama moshi siku isiyo na upepo, hivi kwamba muda wote wa jioni ipo mashariki tu, inakuita. Usiku inapita juu ya utosi. Alfajiri inashuka magharibi vile vile, wima. Anayekwenda Mlali anaiweka usoni jioni. Anayerudi anaiweka usoni alfajiri. "Nyota moja, safari mbili," ulisema. "Mama yangu hakuwa na jina lake. Sasa ninalo. Rijili." Ulilitamka vibaya na hukujali.

Nakumbuka usiku ule tulipolala, mimi na wewe na Nyemo katikati, uliniuliza gizani, "Huyo baba yako alikufundisha nyota ili uende wapi?" Nikasema sijui, labda ili nijue tu. Nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Basi alikuwa ananifundishia mimi." Ukaanza kukoroma, kama kawaida yako, kabla sijajibu.

Yaya, kwenda kulikuwa kwema. Nasema hivyo kwa sababu watu sasa wanaisimulia safari nzima kama msiba, nami sitaki. Tulicheka sana. Watoto tuliwaachia mabibi. Chumvi ilikuwa nzito kichwani na ilichuruzika ikatuwasha shingoni. Wewe ulitangulia, fimbo mkononi, hukuinua sauti hata mara moja, na kila jioni ile nyota ilitoka mbele yako kama mtu uliyepatana naye. Korongo tulilikuta pale uliposema. Tulichimba kwa mikono, maji yakaja, yana ladha ya chuma, tukanywa tukiwa tumelala kifudifudi kama ng'ombe.

Na Mlali walitupokea. Kumbuka yule mzee mwenye kigugumizi aliyeonja chumvi yetu akasema, "Ni-ni-ni chafu," nawe ukamjibu, "Chafu ndiyo, lakini ni chumvi. Mtama wako msafi utaula na nini?" Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Walitupa mtama mwekundu, mbegu fupi zinazokomaa mapema. Ukawa unachagua mashuke kwa mkono, unayanusa, mengine unayatenga kwenye kitambaa chako. Tabu alitaka tuchemshe kidogo pale pale tule. Ulikubali kwa mtama wa mfuko. Ule wa kitambaani ulisema, "Huo haujawa chakula. Huo ni shamba."

Kurudi ndiko kulikoharibika.

Asubuhi ya pili ya kurudi tuliamka jogoo wa mbali hawajawika, kama kuna jogoo katika pori lile. Ulikuwa mbele. Rijili ilikuwa imeinama magharibi, usamawati wake umeoshwa kidogo na ukungu. Ulikuwa ukiitazama. Nilikuwa nyuma yako, niliona kichwa chako kimeinuka, na mzigo juu yake haukutikisika. Kisha ukasema "Aa," sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kifutu. Nyoka huyo alikuwa amelala kwenye njia ya wanyama, mnene kama mkono wangu. Tabu alimwua kwa fimbo, lakini alikuwa amekwisha kukuuma juu ya kisigino.

Sikujua la kufanya, Yaya. Nilifunga kitambaa chini ya goti. Nilinyonya damu nikatema, midomo ikafa ganzi. Tulikubeba mpaka kivuli cha mgunga, ukakaa umeegemea shina, mguu ukaanza kuvimba mbele ya macho yetu mpaka ngozi ikang'aa. Ulikuwa mkali. Ulikuwa mkali kuliko nilivyowahi kukuona. Ulituambia tusilie kwa sababu machozi ni maji, na vibuyu vilikuwa karibu vitupu.

Tabu alisema tuache mizigo hapo tukubebe wewe mpaka korongoni. Wote tulikubali. Hata wale wenye watoto wagonjwa nyumbani walikubali, nataka ulijue hilo, hakuna hata mmoja aliyesita.

Ndipo ulipoingiza mkono katika mfuko wako wa mtama, ukachota konzi, ukamshika Tabu mkono na kuumimina kiganjani mwake. Ukamwambia, "Mtoto wako anaitwa nani?"

Tabu akataja jina.

"Ana miaka mingapi?"

Tabu akafumba kiganja juu ya mtama.

"Mimi nina miaka mingi," ukasema. "Hutaacha mtama hapa. Nikifa nikiwa mabegani mwenu na mtama umebaki kwa nyani, nitawasumbua ndotoni mpaka wajukuu zenu."

Tulikaa na wewe siku nzima. Jua lilizunguka mgunga, nasi tukakusogeza kufuata kivuli. Ulitapika. Ulimwita mama yako, uliwaita ng'ombe waliokufa zamani kwa majina yao. Kisha alasiri akili ikarudi safi kabisa, ukaniita karibu. Nilidhani utanipa maneno ya Ndahani au ya Nyemo. Uliniuliza, "Wanajua ipi?"

"Ipi, Yaya?"

"Nyota. Wanajua ipi? Wewe unaijua kwa jina, mimi kwa njia. Wengine walikuwa wananitazama mgongo tu." Ukapumua. "Alfajiri usiwaache wafuate ile kubwa."

Nilikuahidi. Ukaniomba ugoro. Nilikichomoa kile kijiti sikioni mwako, nikakuwekea puani, lakini hukuwa na nguvu ya kuvuta. Ulikata roho kabla jua halijatua, na mkono wako ulikuwa juu ya kitambaa cha mbegu.

Sitaandika mengi juu ya kuzika. Tulichimba kwa vijiti vya kuchimbia viazi na kwa mikono. Ardhi ilikuwa ngumu. Tuliweka mawe mengi. Mimi nilisoma Fatiha kwa sababu ndiyo niliyoijua, na Tabu alisema maneno ya kwenu kwa mizimu, na kama kulikuwa na kosa katika kuchanganya hivyo basi ni langu, lakini nadhani wewe uliyeishi na mwana mwenye majina mawili ungeelewa. Mzigo wako tuliugawana. Kitambaa cha mbegu nilikifunga tumboni kwangu.

Alfajiri ilikuwa na mawingu.

Nadhani hiyo ndiyo saa niliyoogopa kuliko zote. Magharibi yote ilikuwa imefunikwa, isipokuwa tundu moja la juu, na katika tundu hilo ilikuwa inang'aa ile nyota kubwa, ile inayomfuata Jabari nyuma, kubwa kuliko zote za mbinguni. Maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha ulimi. Tabu akatwika mzigo wake akasema, "Ile pale. Twende."

Nikasema, "Siyo hiyo."

"Ni nyeupe, iko magharibi."

"Iko kusini mno. Ukiifuata hiyo utalikosa korongo."

"Basi tulipe jua mgongo likitoka."

"Jua la mwezi huu halitoki mashariki kamili. Linatoka pembeni. Ukilipa mgongo utapotea upande wa pili."

Akanijia karibu kabisa, mzigo kichwani. Alikuwa amelia usiku kucha. "Wewe ni mgeni hapa," akasema. "Yeye amekufa, na wewe ni mgeni. Kwa nini tukusikilize?"

Yaya, sikumlaumu. Ni kweli, nilikuwa mgeni. Nilitua mzigo wangu chini, nikakaa juu yake, nikasema, "Sitaondoka mpaka niuone mguu. Anayetaka kwenda aende."

Hakuna aliyeondoka. Walisimama tu, wakinung'unika, na mashariki nyuma yetu ilianza kuwa ya kijivu. Nilijua kwamba kukipambazuka kabisa nyota zitafutika na sitakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Niliyatazama mawingu mpaka macho yakauma. Kisha upepo mdogo ukaja, ule wa kabla ya jua. Zikatoka zile tatu za mshipi, ya kwanza hafifu, ya pili, ya tatu. Nikasimama. Chini yake wingu likapasuka kama kitambaa kikuukuu, na Rijili ilikuwa pale, karibu igusane na ardhi, samawati kabisa.

Sikuwa na muda. Chini yake hasa palikuwa na mwinuko wenye umbo la ng'ombe mwenye nundu. Nikawaambia wote, "Tazameni ule mwinuko. Wenye nundu. Kila mtu auone kabla nyota haijazama." Tabu akautazama. Akasema, "Nimeuona." Tukatwika. Nyota ikazama, jua likatoka pembeni kama nilivyowaambia, nasi tukaenda kwenye nundu hiyo hata pale tulipoanza kuona maji ya uongo yaking'aa mbele.

Korongo lilikuwa nyuma ya nundu. Tabu ndiye aliyeanza kuchimba. Maji yalipokuja alinijazia mimi kwanza, akaniangalia nikinywa.

Mtoto wake yu hai. Ana nywele nyeusi sasa na ana kiburi.

Ramadhani alirudi kutoka reli baada ya mavuno madogo, amekonda, na kikohozi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliingia akiita, "Yaya!" kama afanyavyo kila mara, na mimi nilikuwa ndani na unga mikononi. Sitaki kuandika jinsi alivyolia. Kilichoniumiza ni siku zilizofuata. Alikasirika. Aliniuliza mara nyingi kwa nini tulikuzika porini kama mtu asiye na kwao, badala ya hapa nyumbani penye zizi. Wazee walisema vile vile. Mmoja alisema mvua haitakuja mpaka mambo hayo yatengenezwe. Nilijibu kila alipouliza, jibu lile lile, na kila mara nilimwekea mbele yake bakuli la ugali wa mtama mwekundu. Siku moja alikula bila kuuliza tena. Lakini alikuwa bado mbali nami.

Ile mbegu ya kitambaani niliipanda mapema kama walivyotufundisha Mlali. Mvua ilikuja nusu, na mtama wetu wa zamani ulikauka, lakini ule mwekundu mfupi ulikomaa kabla jua halijaukamata. Tuligawana mbegu nyumba kwa nyumba. Tuliona kwamba tumepona. Kisha wakaja nzige. Walikaa siku mbili. Walikula hata nyasi zilizoota juu ya paa.

Basi njaa imerudi, Yaya, na chumvi iko mbugani, na wanawake wamekuja kwangu. Mimi ambaye ni mgeni. Tabu ndiye aliyewaleta.

Wazee wamekataza. Wanasema njia ile ina kaburi. Baba yangu amenitumia salamu kwa mchuuzi kwamba nirudi Kondoa na mtoto mpaka njaa ipite, chakula kipo. Nimemshukuru, nimemjibu kwamba kwangu ni hapa. Ramadhani alisema kwa sauti ndogo, "Wewe nawe nikupoteze?" Hilo ndilo lililokuwa gumu kujibu. Nilikwenda kuchemsha chumvi.

Juzi jioni alinifuata kule nje. Nilikuwa nimesimama nikiangalia mashariki, kama nifanyavyo kila siku tangu mwezi huu uanze. Akauliza, "Ndiyo ipi?" Anajua Kilimia, kila mchungaji anaijua, lakini hii yako hakuijua. Nikamwambia angoje. Tulingoja pamoja, hatukugusana. Ikatoka. Nikamwonyesha. Aliitazama, akasema, "Alikuwa akiiangalia hii?" Nikasema ndiyo, hata wakati ule. Akalia tena, lakini safari hii aliniegemea mimi.

Jana alinifumia kata mpya ya kichwani, ya majani laini. Amenichongea fimbo ndefu yenye ncha ya chuma alichokiokota relini, nipige nayo chini kabla ya kila hatua. Amesema, "Nenda. Utazame juu, na fimbo itazame chini." Kisha akaongeza, akigeuka, kwamba mvua zikitulia na kazi ya reli ikimalizika, tutakuja sisi wawili na watu wa ukoo kwa mambo yako yanayotakiwa kufanywa. Nimekubali. Nadhani wewe ungesema tuwahi kwanza kupanda.

Tangu mwezi ulipoandama nimewafundisha wanawake wote. Kila jioni wanakuja hapa uwanjani, kila mmoja anaitafuta mwenyewe: mshipi kwanza, bega jekundu, kisha mguu upande wa pili. Wasichana nimewafundisha pia. Kesho hakuna atakayetazama mgongo wangu tu. Kifutu akinikuta mimi, Tabu anajua. Akikutwa Tabu, yupo mwingine, na mwingine nyuma yake.

Mizigo imefungwa. Vibuyu vimejaa. Nyemo nimemwachia baba yake, na amekwisha kumng'ata.

Yaya, hatukupata muda wa kuagana vizuri, kwa hiyo nakuaga sasa. Lala. Ulichokifanya kimetosha, na kilichobaki ni chetu. Naahidi kwamba wanawake hawa nitawapeleka na nitawarudisha, na mtama wataufikisha nyumbani. Tukirudi tutapita penye mawe yako alfajiri, wote. Usitungoje tupige magoti. Tutakuwa na mizigo kichwani, na mwenye mzigo kichwani hainami. Nitataja jina lako kwa sauti, wataitika nyuma yangu hadi wa mwisho, nasi tutapita tumesimama wima.

Mwanao,
Zena